Naomba ushauri: kutu kwenye randa ya zamani

Habari zenu wakuu. Napenda sana kukusanya vifaa vya useremala vya zamani: tezo, keekee za mkono, misumeno. Juzi nimepata Gerezani, Dar es Salaam, randa (kifaa cha kulainishia mbao) ya chuma ya chapa ya Record, iliyotengenezwa Sheffield, Uingereza. Mpini wa mbao bado mzima, ila kutu imekula bamba la kisu na inakaribia maandishi ya nembo, ambayo kwangu ndiyo thamani yenyewe. Nimejaribu mafuta ya taa na brashi. Kutu ya juu imetoka, ya ndani imegoma. Msasa naogopa, utafuta herufi.

Nikiloweka kwenye siki, niache muda gani bila chuma kuliwa? Na huku Kigamboni, kwa hewa hii ya chumvi, nipake nini isirudi?