Mnaotangaza tarehe ya mwisho wa dunia: siku ikipita, mali za watu mnarudisha lini?

Wakuu, salamu baadaye. Leo ustaarabu sina.

Naomba nijibiwe swali moja tu. Mtu akiuza kiwanja kisicho chake, anatafutwa na polisi. Akitangaza tarehe ya mwisho wa dunia, watu wakauza vyao wakampelekea, tarehe ikapita kweupe, Jumapili inayofuata yuko palepale madhabahuni na maiki mkononi. Kwa nini? Na ukithubutu kuuliza, wewe ndiye mwenye roho ya upinzani.

Kilichonichemsha ni yale ya Septemba 2025, wengi mnayakumbuka. Joshua Mhlakela wa Afrika Kusini alisema kwenye mahojiano ya YouTube kwamba Yesu alimtokea akamwambia Unyakuo, yaani waumini kunyakuliwa kwenda mbinguni, ni tarehe 23 na 24. Video ikakatwa vipande, TikTok ikavisambaza, na huku kwetu wakapatikana watu wa kuidaka juu kwa juu. Mmoja wao ana kanisa la mabati jirani na kwa shangazi yangu. Simtaji jina. Shangazi alikuwa na mbuzi, akawauza kwa bei ya kutupa, maana ukishaamini wiki ijayo hupo duniani, utabishana bei na mchinjaji ya nini? Hela ikaenda kanisani "kupandwa" kama sadaka. Binti yake aliyekuwa akidaiwa ada akaambiwa asihangaike, shule haina faida tena.

Tarehe 25 kumekucha, watu wote wapo, mbuzi hawapo. Mtumishi akasimama akasema Mungu ameongeza muda kwa ajili ya maombi ya watakatifu. Sawa, muda umeongezwa. Na mbuzi je?

Msidhani huu ni ujanja mpya. Huko Marekani William Miller na wafuasi wake walisubiri kurudi kwa Kristo tarehe 22 Oktoba 1844, na wapo wakulima walioacha mazao yaozee shambani. Harold Camping naye, mzee wa redio, alitaja 1994 ikapita, akarudi na 21 Mei 2011, safari hii kwa mabango barabarani nchi kadhaa. Mstaafu mmoja wa New York alitoa akiba yake, dola 140,000, kulipia matangazo hayo. Siku ikapita. Camping akasema hukumu imeshuka kiroho, mwisho wenyewe ni 21 Oktoba. Alipoulizwa kama waliochanga watarudishiwa, akajibu kwamba mwisho bado haujafika, arudishe ya nini? Angalau mwaka 2012 alikiri hadharani kuwa kutaja tarehe ilikuwa dhambi. Hawa wa kwetu hata hilo hawana. Ile ya Desemba 2012, iliyodaiwa kutoka kalenda ya Wamaya wa kale wa Amerika, naipita tu, ile ilikuwa biashara ya wauza vitabu na filamu.

Huko kwa wenzetu watu walipoteza fedha. Kwetu Afrika Mashariki wamepoteza roho, na hapa ndipo hasira yangu inapopanda hadi kichwani.

Kanungu, Uganda. Kundi la Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde liliambia watu kwamba dunia haitavuka mwaka 1999. Watu wakauza mashamba na ng'ombe, vyote mikononi mwa viongozi. Januari 2000 ikaingia kama Januari nyingine yoyote. Waumini wakaanza kunong'ona, wengine wanataka chao. Tarehe 17 Machi 2000 watu wakateketea ndani ya jengo la ibada, milango na madirisha yamepigiliwa misumari. Baadaye yakafukuliwa makaburi ya pamoja kwenye nyumba za kundi hilo. Jumla walizidi 700. Kibwetere na Mwerinde hawakuwahi kufikishwa mahakamani. Someni tena mpangilio wa matukio hapo: ahadi, mali, tarehe, madai, moto.

Halafu Shakahola, Kilifi, juzi tu, Aprili 2023. Miili zaidi ya 400 msituni. Watu waliambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu, na kwa mujibu wa walionusurika, watoto ndio walitakiwa watangulie. WATOTO. Uchunguzi ulionyesha wengi walikufa kwa njaa, na wengine walikuwa na dalili za kunyongwa. Paul Mackenzie, mhubiri aliyeongoza kundi hilo, alikanusha mashtaka, hiyo ni kazi ya mahakama. Mimi nauliza juu ya waliotangulia kunyamaza. Watoto walitolewa shuleni, familia zikahamia porini na vyombo vyao, majirani wanaona, ndugu wanalia vituoni, kila mtu anasema "mambo ya imani ya mtu hayaingiliwi".

Na wala si kwamba maandiko yamejificha. Mathayo 24:36 inasema siku ile na saa ile hakuna aijuaye, hata malaika wa mbinguni. Jirani yangu Mwislamu alinifungulia Al-Aaraf aya ya 187, habari ni ileile, ujuzi wake uko kwa Mola peke yake. Kumbukumbu la Torati 18:22 imeenda mbali zaidi: nabii akinena na jambo lisitokee, Bwana hakulinena, usimwogope. Sasa nyinyi mnamwogopa kwa andiko gani?

Wanaojua mambo ya anga wanakadiria jua lina kama miaka bilioni 5 mbele yake, ingawa joto lake litaifanya dunia isikalike mapema zaidi, labda baada ya bilioni moja hivi. Hakuna mchungaji atakayepata sadaka kwa tarehe hiyo.

Ila jiandaeni, kwa sababu inayofuata naijua. Ijumaa tarehe 13 Aprili 2029, jiwe la angani liitwalo Apophis, upana wake kama mita 340, litapita umbali wa kilomita kama 32,000 kutoka duniani, karibu kuliko satelaiti za televisheni. Litaonekana kwa macho, Afrika ikiwemo. Wanasayansi walishalipima upya mwaka 2021 wakasema kwa miaka 100 ijayo halitugongi. Lakini Ijumaa, 13, na nuru inatembea angani? Kuna watu watauza nyumba.

NYONGEZA: Nimesoma majibu. Mkuu uliyeandika "shangazi yako alitoa kwa hiari", hiari ya mtu aliyeambiwa anakufa wiki ijayo ni hiari gani? Na wewe unayesema nashambulia kanisa, mimi mwenyewe Jumapili naenda ibadani na sadaka natoa. Mchungaji wetu hajawahi kutaja tarehe ila ya harusi na ya kikao cha ujenzi.

Aliyeuliza ushahidi: mahubiri yale yalirushwa mubashara kwenye ukurasa wao, na tarehe 25 yakafutwa. Aliyeyahifadhi ayaweke hapa au anifuate inbox. Binti wa shangazi bado anadaiwa ada, na safari hii naenda kwa huyo mtumishi na wazee wa familia.