Naomba ushauri: tzatziki yangu inatoa maji, na Jumapili imekaribia

Binti_Pangani: Habari zenu wanajukwaa. Ninaishi Athens, mtaa wa Kypseli. Nimejaribu mara tatu kutengeneza tzatziki, ile chachandu ya Kigiriki ya mtindi na matango, lakini kila mara baada ya saa mbili hivi bakuli hujaa maji. Natumia mtindi mzito, matango mawili, punje nne za kitunguu saumu, mafuta ya zeituni na siki kidogo. Nimekosea wapi?

Mama_Nasra: Mwanangu, matango unayakamua? Ukishayakwangua yatie chumvi, yaache nusu saa, kisha yafunge katika kitambaa safi na uyakamue kama tunavyokamua tui, mpaka mkono uchoke. Punguza na kitunguu saumu, kwa maana ukali wake huzidi kadiri kinavyokaa.

Mzee_wa_Bandari: Mjukuu, umenikumbusha Piraeus. Tulipotia nanga pale tuliletewa chakula hicho pamoja na souvlaki, mishikaki ya Kigiriki, na mpishi wetu, Mzanzibari, akaapa kuwa ni raita, ile chachandu ya Kihindi ya mtindi, iliyosahauliwa bizari nyembamba. Nanaa ndiyo iliyokosekana.

Kalamu_Kavu: Kwa nini usinunue? Huko kwenu si inauzwa kila duka?

Binti_Pangani: Kununua ndiko kulikoniponza. Mwezi uliopita nilipeleka ya dukani kwa mama wa mchumba wangu, nikiwa nimeihamishia kwenye bakuli la udongo na kuipamba kwa zeituni. Aliisifu mno, akauliza kama ni yangu, nami nikajibu ndiyo, kwa kuwa nilikuwa nimeilipia. Sasa ameniagiza niwatengenezee wageni ishirini. Matango siyakamui, Mama, kwani maji yake ndiyo ubichi wenyewe, na nimekwisha kuamua kuchanganya nusu yangu na nusu ya dukani.

Ustaadhi_Mpole: Ndoa inayoanza kwa bakuli la uongo itaishia kwenye sufuria la uongo. Mwambie ukweli mapema.

Hakimu_wa_Jikoni: Hadithi hii naona imetungwa. Mama wa Kigiriki ashindwe kutambua tzatziki ya dukani? Tena unadai mtindi wako ni mzito. Hebu tusomee kifuniko: kama hakuna neno straggisto, mtindi huo haukuchujwa.

Binti_Pangani: Nimekwenda kusoma. Neno hilo halipo. Ni wa maziwa ya kondoo, umeganda vizuri na una utando juu, ndiyo maana niliuita mzito. Nimenunua kilo mbili, kwa hiyo siwezi kuurudisha.

Hakimu_wa_Jikoni: Utando huo haubuniwi na mtu asiyewahi kuuona. Naondoa shaka kuhusu mtindi. Kuhusu mama mkwe, bado ninayo.

Mama_Nasra: Usiurudishe. Utie katika kitambaa, uning'inize ndani ya friji usiku kucha juu ya bakuli, nao utapungua sana lakini utasimama kwenye kijiko. Ukiuvuruga bila kuuchuja, lazima utoe maji. Matango utayakamua, upende usipende. Utando utoe kwanza, uule na asali.

Binti_Pangani: Shikamoo Mama, na ahsante. Usiku huu nauning'iniza. Je, makopo mawili ya dukani niliyoyaficha nyuma ya maziwa niyafanyeje?