DirectStream DAC: nibaki Snowmass au nipande hadi Sunlight? Tulinganishe

Santuri_Tanga
Wakuu, salaam. Nina DirectStream niliyoinunua kwa mtu ikiwa imetumika, ile ya kwanza, si Mk2. Imekuja na toleo la programu dhibiti (firmware) liitwalo Snowmass ndani, na mwenyewe akanipa kadi za SD zenye matoleo mengine: Huron, Windom na Sunlight. Nimeshinda nazo wiki tatu. Nataka kuchagua moja nitulie.

Kwa ambaye hajakutana nayo: ni DAC, kifaa kinachogeuza muziki wa dijitali kuwa mawimbi ya umeme ya kupeleka kwenye amplifaya, ya PS Audio wa Boulder, Colorado, iliyotoka 2014. Ndani hakuna chipu ya DAC ya kawaida. Kazi yote inafanywa na FPGA, chipu ambayo saketi zake huchorwa na programu, na mchoraji ni Ted Smith. Chochote unachoingiza, iwe CD au faili la 192 kHz, hugeuzwa DSD, muundo wa dijitali wa biti moja, kabla ya kutoka. Kwa hiyo ukibadilisha programu dhibiti umebadilisha DAC yenyewe, boksi limebaki lile lile. Matoleo waliyapa majina ya vilele vya Colorado vinavyozidi futi 14,000, na mwenye mashine aliyapata bure.

Nilivyosikia mimi, kwa rekodi ya taarab asilia ninayoijua tangu utotoni:

Huron: besi nene, mwimbaji yuko karibu, ila fidla zimeshikana kama mtu mmoja anapiga.
Snowmass: fidla zimeachana, ukumbi unasikika.
Windom: ukumbi umepanuka zaidi, dumbak ina ngozi. Usiku nikichoka naiona kali.
Sunlight: ganuni ndiyo bora kuliko zote, nyuzi zinafifia mpaka mwisho bila kukatika. Lakini mwimbaji amerudi nyuma hatua mbili.

Moyo unataka Sunlight kwa ganuni na Snowmass kwa mwimbaji. Nyie mnasemaje?

FundiWaya
Hongera kwa mashine, mkuu. Swali moja kabla ya yote: ulisawazisha kiwango cha sauti kila ulipobadilisha? Kwa multimita, si kwa sikio.

Santuri_Tanga
Hapana, fundi. Niliacha namba ile ile kwenye skrini.

FundiWaya
Basi ulinganisho wako bado haujaanza, na nasema hivyo kwa heshima. Namba ile ile kwenye matoleo mawili si lazima itoe volti zile zile. Sauti ikizidi kwa nusu desibeli, sikio halikuambii "imeongezeka". Linakuambia "ina uhai", "ukumbi umefunguka", "mwimbaji amesogea". Maneno yote uliyoyaandika hapo juu yanaweza kuletwa na nusu desibeli peke yake.

Piga toni ya 1 kHz, weka multimita ya AC kwenye vichwa vya spika, andika volti. Badilisha toleo, piga tena. Tofauti ya desibeli 0.1 ni kama asilimia 1 ya volti: ukipata 2.00 mara ya kwanza na 2.02 mara ya pili, uko sawa. Ukipata 2.12, hiyo tayari ni nusu desibeli.

Nyuzi_Saba
Mimi nina DirectStream tangu enzi za Yale na nimepita vilele karibu vyote. Namheshimu fundi, lakini multimita haimalizi habari. Nilipotoka Huron kwenda Redcloud nilikaa na rekodi zangu mwezi mzima, nikazipandisha na kuzishusha nitakavyo, na tabia ya toleo ilibaki pale pale. Ted Smith mwenyewe ameeleza mara nyingi kwamba hata mpangilio wa saketi ndani ya FPGA, hesabu zikiwa hazijabadilika, unabadilisha kelele ya umeme inayofika sehemu ya analogi. Huyo ndiye aliyeiandika.

Ushauri wangu kwa mzee wa Tanga: kaa na Sunlight wiki mbili bila kugusa kitu, kisha rudi Snowmass. Utakachokikosa ndicho chako.

Mhandisi_Sauti
Niingie hapa, maana FundiWaya na Nyuzi_Saba wote wana haki, ila kila mmoja anaongelea tabaka tofauti. Programu dhibiti ina njia kadhaa za kubadilisha sauti, na hazilingani uzito.

Kwanza kichujio. CD ina sampuli 44,100 kwa sekunde, hivyo juu ya 22.05 kHz kuna vivuli vya muziki ambavyo lazima vikatwe, na nafasi ya kukatia ni finyu, kutoka 20 hadi 22.05 kHz. Ukikata kwa ukali bila kuvuruga awamu (mpangano wa mawimbi kwa wakati), pigo moja la dumbak linaachiwa viwimbi vidogo kabla yake na baada yake. Kichujio cha awamu ndogo huvihamisha vile vya kabla vikaja baada. Ukikata polepole, viwimbi hupungua, lakini trebo huanza kushuka mapema na vivuli vingine hupita. Kila mwandishi wa programu huchagua maumivu yake hapo.

Pili, na hili watu hawalisemi: nafasi juu ya kilele. Rekodi za siku hizi zimesukumwa hadi dari. DAC inapojaza mapengo kati ya sampuli, wimbi halisi linaweza kuvuka dari hiyo ingawa hakuna sampuli hata moja iliyovuka. Toleo lisiloacha nafasi litakata kichwa cha wimbi, nawe utasikia ukali. Toleo lililoacha desibeli 3 halitakata, ila litatoka chini kidogo, na mtu atalilaumu kuwa limepoa. Tofauti hii inapimika, na utaikuta kwenye bongo fleva ya leo mapema kuliko kwenye taarab ya zamani.

Tatu, kwa DAC za DSD kama hii: DSD ni biti moja, kwa hiyo ina kelele nyingi ambazo husukumwa juu ya eneo tunalosikia. Toleo jipya linaweza kuzisukuma namna nyingine. Hatuzisikii moja kwa moja, lakini amplifaya inazipokea, na amplifaya nyingine hazipendi. Ndiyo maana watu wawili wenye DAC moja na toleo moja wanaweza kupingana bila yeyote kusema uongo. Santuri_Tanga, amplifaya yako ni ipi?

Nne ni hiyo ya Nyuzi_Saba, mpangilio wa FPGA. Saketi zikihama, mikondo ya umeme inavutwa kwa wakati tofauti, saa ya ndani inaweza kuyumba kidogo sana. Kimantiki inawezekana. Naiweka mwisho kwa sababu ndiyo ndogo kuliko zote, na ndiyo inayosingiziwa zaidi wakati hakuna aliyepima tatu za kwanza.

Lakini transfoma za kutokea za DirectStream hazibadiliki kwa kadi ya SD. Transfoma yoyote huongeza upotoshaji kwenye besi nzito, kila sauti inavyopanda. Kama unene wa Huron unatoka huko, Sunlight nayo inapitia transfoma zile zile.

Santuri_Tanga
Ahsante sana, mhandisi, hili la nafasi juu ya kilele sikuwahi kulisikia. Amplifaya yangu ni ya taa, zile za kioo badala ya transista, niliundiwa na fundi hapa Tanga.

Mhandisi_Sauti
Basi hiyo ya tatu iangalie vizuri. Taa zikiwa na transfoma ya kutokea huchuja kiasi cha kelele za juu, lakini hatua za mwanzo zinazipokea zote.

Kipaza_Unguja
Kaka, mimi niko upande wa DAC ndogo, iFi nano iDSD Black Label, lakini kisa ni hicho hicho. Iko 5.2, iko 5.3 iliyoleta MQA (muundo wa kubana faili za muziki), iko 5.3c yenye kichujio wanachokiita GTO, ambacho hupandisha kila kitu hadi 352.8 au 384 kHz. Hapo sikuhitaji kubishana na mtu: kichujio kimebadilishwa waziwazi, kampuni imesema, na unaweza kurudi nyuma. Nilikaa na 5.3c miezi, nikarudi 5.2. Kwa GTO visikilizio vyangu vilipoteza ncha, hasa kwenye matari. Dada yangu anayesikiliza Qur'ani zaidi kuliko muziki aliipenda GTO, akasema sauti ya msomaji imelainika.

Ninachokipenda ni kwamba kila toleo liko pale, unachagua.

Mnyonge_wa_Muscat
Nami niongeze RME ADI-2 DAC, maana inakwenda njia ya pili kabisa. Pale programu mpya inakuja na kazi mpya au marekebisho, na tabia ya sauti umeachiwa mwenyewe kwenye menyu: vichujio vya SD Sharp, Slow, NOS, pamoja na ikwalaiza ya bendi tano. Unabadilisha kichujio muziki ukiendelea, hakuna kuzima wala kuwasha. Kwa kulinganisha, hilo ni jambo kubwa sana.

Tahadhari moja. Jina kwenye boksi halitoshi. ADI-2 DAC ya 2018 ina chipu ya AKM iitwayo AK4490, baadaye ikaja AK4493, na baada ya kiwanda cha AKM cha Nobeoka, Japani, kuungua Oktoba 2020, ikahamia chipu ya ESS. Kwa hiyo mtu akikuambia "toleo jipya limebadilisha sauti", muulize kwanza mashine yake ni ya mwaka gani.

Radi_Kisumu
Naomba niseme kuhusu umeme. DAC yangu ya zamani, sitataja ya nani, ilikuwa inapokea programu kwa USB. Stima ikapotea katikati. Ilipowaka tena kompyuta haikuitambua kabisa, na wakala akataka niitume ng'ambo kwa gharama yangu. Miezi minne bila muziki. Weka UPS, ile betri inayoshika umeme ukikatika, hata ndogo.

FundiWaya
Pole sana, ndugu. Kweli kabisa, UPS ni lazima.

Turudi kwa mkuu wa Tanga. Tatizo la DirectStream ni kwamba kubadilisha toleo kunachukua dakika: unazima kwa swichi ya nyuma, unaingiza kadi, unawasha, unasubiri. Kumbukumbu ya sikio kwa mambo madogo kama haya ni ya sekunde chache. Unapokaa kwenye kiti tayari unalinganisha Sunlight na hadithi ya Snowmass. Wiki mbili za Nyuzi_Saba zitakuambia unachokipenda, na hilo lina thamani, lakini hazitakuambia kilichobadilika.

Fanya hivi. Tafuta kadi ya kurekodia, hata ya bei ndogo. Toa sauti kwenye DAC, irekodi kwa biti 24 na 96 kHz, kipande kile kile cha dakika mbili, kwa kila toleo. Usiguse vitufe vya kurekodia mpaka umalize zote. Kisha sawazisha viwango, yaweke mafaili kwenye foobar2000, programu ya kuchezea muziki, ulinganishe kwa ABX, jaribio la kubahatisha bila kuona ni faili gani linalopigwa. Ukitambua mara 12 kati ya 16, bahati peke yake ingekupa hivyo mara chini ya 4 katika kila 100. Ukitaka kuona na siyo kusikia tu, programu ya DeltaWave ni ya bure, itatoa faili moja kutoka jingine na kukuachia kilichobaki.

Nimefanya hivyo kwa DAC mbili. Moja niliitambua bila shida, kichujio kilikuwa kimebadilishwa. Nyingine nilipata 9 kati ya 16 baada ya kuisifu toleo jipya kwa wiki nzima hapa hapa jukwaani.

Nyuzi_Saba
Kadi ya bei ndogo itaficha kile hasa tunachokitafuta.

Mhandisi_Sauti
Itaficha hiyo ya nne, kaka, nakubali. Kichujio, viwango na vilele vilivyokatwa haitaficha. Kelele za DSD zilizo juu ya 48 kHz rekodi ya 96 kHz haizioni, hivyo kwa hizo anahitaji kurekodi kwa 192 kHz au zaidi.

Nyuzi_Saba
Hapo sawa. Santuri_Tanga, ukirekodi naomba mafaili yote manne bila majina halisi, yaite A, B, C, D. Nitajaribu mwenyewe na nitaandika matokeo hapa vyovyote yatakavyokuwa.

Santuri_Tanga
Nimekubali. Jumamosi naazima kadi ya kurekodia ya kijana wangu, ina 192 kHz. Vipande viwili: ule wa ganuni pale mwimbaji anapoingia, na wimbo mmoja wa bongo fleva uliosukumwa, kwa ajili ya hilo la vilele. UPS ya kompyuta ya ofisini naihamishia kwenye DAC. Mpaka hapo Snowmass inabaki ndani.

Kipaza_Unguja
Kaka, naomba uanze sekunde kumi kabla mwimbaji hajaingia. Pumzi yake ya kwanza ndiyo nitakayoisikilizia.