Hizi "rimasta" za albamu za rock tumepigwa: tunauziwa volyumu, ngoma zimenyolewa

Wakuu, salamu.

Leo natoa povu, na anayetaka kuandika "sikiliza tu muziki acha maneno" apite kimyakimya, uzi haumhusu.

Kila albamu ya rock ya miaka ya 1990 ikitimiza miaka 20, 25 au 30, linatoka toleo la sherehe. Kava jipya, picha zilizokuwa kabatini, na stika ya kujisifu kwamba sauti imesafishwa upya, hiyo ndiyo wanayoiita rimasta. Ukiiweka masikioni, cha kwanza unachosikia ni kwamba inapiga kwa nguvu kuliko ile ya zamani, na hapo ndipo watu wanaposhangilia. Safi, safi! Safi wapi? Wamepandisha volyumu. Kitufe cha volyumu kipo ubavuni mwa simu yako na hakina malipo. Walichokunyang'anya ni tofauti kati ya sauti ndogo na sauti kubwa, na kwenye muziki huu hiyo ndiyo nyama yenyewe, mengine mchuzi.

CD ina dari. Dari hilo ni sifuri desibeli, juu yake hakuna namba. Fundi akiagizwa wimbo usikike mkubwa zaidi wakati vilele tayari vinagusa dari, kilichobaki ni kuinua sakafu. Anaweka limita: kila kilele kinachotaka kutoboa kinasukumwa chini kwa muda mfupi sana, kisha mzigo mzima unapandishwa. Kwenye rock, kilele kirefu kuliko vyote mara nyingi ni pigo la snea, ile ngoma inayolia kwa mkwaruzo. Kwa hiyo wa kwanza kunyolewa ni mpiga ngoma. Pigo lililokuwa "pa!" linakuwa "pfu". Ukiendelea kukaza, limita ikishusha snea inaburuta gitaa na mwimbaji humohumo, halafu vyote vinarudi juu, na wimbo unaanza kuhema kama mtu mwenye pumu. Kaza tena, vilele vinakatwa vinabaki bapa kama meza, na kila bapa linazaa mkwaruzo ambao hakuna aliyeupiga studio. Utausikia kwenye matoazi: yanalia kama bati linalokokotwa kwenye sakafu ya saruji.

Halafu mtu anashangaa kwa nini wimbo wa nne masikio yameshachoka. Sikio halijapewa hata sekunde moja ya kupumzika, litaachaje kuchoka?

Nianze na Nevermind ya Nirvana maana hata asiyejua rock anaijua. Ilirekodiwa Sound City, Van Nuys, California, mwaka 1991, mtayarishaji Butch Vig, miksi (kuunganisha vyombo vyote kuwa wimbo mmoja) ya Andy Wallace, masta (kazi ya mwisho juu ya wimbo ulioungwa) ya Howie Weinberg. Ujanja wa albamu ile ni ubeti mtulivu halafu kiitikio kinakuangukia, na mwimbaji wao Kurt Cobain mwenyewe alikiri hadharani kwamba mtindo huo waliuchota kwa kundi la Pixies. Chukua wimbo wa "Lithium" kwenye CD ya 1991. Ubeti unatembea taratibu, kuna nafasi kati ya chombo na chombo, kisha gitaa linaingia na unajikuta umerudisha kichwa nyuma. Njoo kwenye ile ya 2011, ya miaka 20. Ubeti umeinuliwa hadi jirani na kiitikio, kiitikio kikifika hakina pa kurukia. Kelele zimeongezeka, mshtuko umekufa. Mpiga ngoma Dave Grohl anapiga kama anavunja mlango, wao wameufunga mlango godoro.

Msikimbilie kumtukana fundi. Bob Ludwig aliyeshika rimasta ya 2011 ndiye aliyemasta albamu yao iliyofuata, In Utero, mwaka 1993, na In Utero ile inapumua vizuri kabisa, unasikia hadi chumba walichopigia. Mkono ni uleule. Mimi lawama zangu ziko kwa oda.

Kuna nyingine hazikungoja rimasta, zilitoka kiwandani zikiwa tayari zimekabwa. Californication ya Red Hot Chili Peppers, 1999, inaniuma kuliko zote kwa sababu nyimbo ni nzuri mno. Mpiga gitaa John Frusciante amerudi kundini, gitaa lake kavu, noti chache, kila noti ina sababu. Wimbo wenye jina la albamu unaanza na gitaa na besi peke yake, vyombo viwili vinanong'onezana, lakini vimepandishwa kana kwamba uwanja mzima umejaa. Bendi ikikamilika unasikia mpasuko, na wengi wamewahi kudhani spika zao zimekufa. Spika nzima, wakuu. Mpasuko umechapwa kwenye CD.

Na Death Magnetic ya Metallica, Septemba 2008, ndiyo kesi ambayo upande wa pili hauna utetezi. Nyimbo zilezile ziliwekwa kwenye mchezo wa video wa Guitar Hero III, na kwa kuwa mchezo unahitaji kila chombo kwenye njia yake, zilikwenda huko kabla ya kusagwa. Mashabiki wakarekodi sauti kutoka kwenye mchezo, wakaiweka kando ya CD. Wimbi la mchezo lina milima na mabonde, la CD ni tofali. Kwa mara ya kwanza mchezo wa watoto ukawa na sauti bora kuliko CD ya dukani! Zaidi ya watu 10,000 walitia saini kudai irudiwe. Ted Jensen aliyeimasta alisema wazi kwamba miksi zilimfikia zikiwa zimeshagongeshwa ukutani. Elewa maana yake: kilele kikikatwa kwenye miksi, fundi wa masta hana dawa. Zipo programu za kurudisha vilele vilivyokatwa, lakini zinakisia tu, zinachora mstari wa kubuni pale palipokuwa na pigo la kweli.

Ndiyo maana kundi la Rush walipotaka kuiokoa albamu yao Vapor Trails ya 2002 hawakuishia kuirimasta. Walirudi kwenye kanda zenye njia za kila chombo, wakampa David Bottrill aimiksi upya, ikatoka 2013. Hapo ndipo unajua kwamba chini ya ule ukungu mpiga ngoma wao Neil Peart alikuwa anafanya kazi kubwa na toazi dogo la mkono wa kulia. Miaka 11 halikusikika vizuri.

Hapa niwakate kauli wanaochanganya miksi na masta, maana nusu ya ubishi kwenye nyuzi zetu unatoka hapo. Masta inagusa wimbo ukiwa umeshaunganishwa kuwa njia mbili, kushoto na kulia. Haiwezi kukuletea chombo ambacho hakimo. ...And Justice for All ya Metallica, 1988, haina besi ya Jason Newsted kwa sababu ilishushwa kwenye miksi. Toleo la 2018 ni rimasta, kwa hiyo ukilinunua ukitegemea besi utaikosa palepale ulipoikosa zamani. Ukitaka mabadiliko ya kweli tazama Ten ya Pearl Jam: miksi ya 1991 ya Tim Palmer imejaa mwangwi, ngoma kama ziko ndani ya tangi la maji, na mwaka 2009 Brendan O'Brien akaimiksi upya ikakauka. Kwangu "Once" na "Porch" zimefaidika, gitaa limesogea karibu. "Oceans" imepoteza, ule mwangwi ulikuwa bahari yenyewe. (Kichupa cha pilipili na mtungi wa kuzimia moto vilitumika kama ala kwenye wimbo huo, na vimeandikwa kwenye orodha ya wapigaji. Nakwambia walikuwa na raha zao.)

Sasa namna ya kumkamata mwizi, usitegemee maneno yangu. Fungua faili la CD au FLAC (faili lisilopunguza ubora wa sauti) kwenye Audacity, programu ya bure. Kwenye menyu ya kutazama kuna chaguo la kuonyesha vilele vilivyokatwa. Kiwashe, vitatokea kwa mistari myekundu. Mistari miwili mitatu kwenye wimbo mzima si kesi. Ukiona wimbi zima limekuwa jekundu kama zulia, umepigwa. Vuta karibu hadi uone pigo moja moja: kilele cha halali kina ncha, kilichonyolewa kina bapa. Lakini usiishie kutazama. Weka wimbo wa toleo la zamani na wa jipya, uzisawazishe zote mbili kuwa -23 LUFS, hicho ni kipimo cha ukubwa wa sauti kinachokadiria jinsi sikio linavyousikia, kisha sikiliza bila kugusa volyumu. Bila hatua hii utaipenda ile yenye kelele, kwa sababu hata tofauti ya desibeli moja inatosha kulidanganya sikio kwamba kitu ni kitamu zaidi. Ujanja wote wa stika umejengwa hapo.

Ukisawazisha, toleo jipya linanywea. Snea iko ndani ya ukuta, na ile ya zamani inakurukia.

Na kinachochekesha, kama si kuudhi, vita yenyewe imeshapitwa na wakati. Redio za FM zina mashine zake za kusawazisha, kina Optimod, tangu enzi hizo. Kila kitu kinatoka na ukubwa uleule, na wimbo uliokatwa vilele ndio unaotoka mbovu zaidi. Sasa hata Spotify kwa ngazi yake ya kawaida inasawazisha nyimbo karibu na -14 LUFS, zenye kelele zaidi inazishusha. Albamu iliyosagwa hadi -6 inashushwa desibeli 8 na kubaki bapa chini, wakati albamu yenye nafasi inabaki na vilele vyake vyote. Waliuza nyama wanunue volyumu, na volyumu imetaifishwa.

Kwa wanaosikiliza huko kwa bando lao: acha usawazishaji ukiwa umewashwa, chagua ngazi ya kati. Ngazi ya juu inatumia limita kwenye nyimbo tulivu zenye nafasi, unanyolewa hata pale ambapo kiwandani hukunyolewa. Sikiliza albamu kwa mpangilio wake, usichanganye nyimbo, maana ukizichanganya programu inapima wimbo mmoja mmoja na kuvuruga uhusiano kati ya ule mtulivu na unaoufuata. Na kabla ya kubonyeza, shuka hadi chini kabisa ya ukurasa wa albamu uone mwaka ulioandikwa kando ya alama ya P ndani ya duara. Albamu ya 1991 yenye P ya 2011 au 2021 si ile unayodhani. Anayenunua CD za mtumba akague namba ya katalogi mgongoni. Nevermind ya Marekani ya 1991 ni DGCD-24425. Zinauzwa bei ya soda kwa sababu kila mtu anakimbilia toleo la sherehe. Zichukueni.

NYONGEZA, baada ya kusoma michango:

Mkuu unayesema nachukia rock yenye kelele, hukunisoma. Kelele zikiwa ni kusudi la wimbo nazipenda. Raw Power ya Iggy and the Stooges, toleo la 1997, Iggy Pop aliimiksi mwenyewe akaisukuma hadi nyekundu kwa makusudi. Nafurahi nayo dakika 20, halafu narudi kwenye miksi ya David Bowie ya 1973. Na wale vijana wawili wa Nairobi, Duma, albamu yao ya 2020 iliyotoka kwa Nyege Nyege Tapes ya Kampala ni shambulio tangu mwanzo hadi mwisho. Pale mkwaruzo ni ala, umepangwa. Hakuna aliyeupaka juu ya wimbo wa mtu mwingine aliyeshaumaliza.

Aliyeuliza kama kuna rimasta yoyote nzuri: ipo. Spiderland ya Slint, 1991, ilirudiwa na Bob Weston mwaka 2014 bila kuikaba. Jaribu "Good Morning, Captain". Jamaa anaongea kwa sauti ya chini hadi unaongeza volyumu umsikie, na dakika ya mwisho anakupiga kofi kwa uzembe huo. Ikirimastiwa kama Nevermind ya 2011, kofi hakuna. Za Steven Wilson pia, King Crimson na Jethro Tull, anamiksi upya na kuacha sauti ikiwa huru.

Mkuu wa "nunua santuri, tatizo limekwisha": halijakwisha. Santuri nyingi mpya zimechongwa kutoka kwenye faili lilelile la kidijitali lililosagwa. Na usitambe na kipimo cha mita kinachoonyesha santuri ina nafasi kubwa. Kuchonga na kusoma mfereji kunahamisha vilele kidogo, mita inadanganyika na kutoa namba nzuri ambayo sikio halioni. Uliza imechongwa kutoka kwenye nini. Kama muuzaji hajui, weka pesa mfukoni.

Na wale wawili mnaotukanana kuhusu Loveless ya My Bloody Valentine: toleo la 2012 la CD mbili lilikuwa na diski moja kutoka kanda ya kidijitali na nyingine kutoka kanda za analogi za nusu inchi, na lebo zilibandikwa kinyume. Rudini mkasikilize, kisha mbadilishane hoja.