Naomba ushauri: nakshi ya joho la Kihaida inanyanyuka kwenye kona

Habari wakuu. Kazi ni joho la vifungo (joho la sherehe linalopambwa kwa vifungo) la Wahaida, wenyeji wa asili wa visiwa vya Haida Gwaii, Kanada: sufu nzito ya buluu iliyokoza, pindo jekundu juu na ubavuni (chini huachwa bila pindo), na mgongoni nakshi ya Kunguru iliyokatwa kwa sufu nyekundu. Kunguru huyo ni nembo, mali ya ukoo, na wenyewe wameridhia, hilo limeisha.

Shida ni mshono. Sufu nyekundu ni ile iliyoshindiliwa, haifumuki, kwa hiyo imekatwa bila kukunja ukingo. Mistari mirefu imelala vizuri. Ila kwenye maumbo ya yai lililobonyea, yaani jicho na viungo vya bawa, kona zinanyanyuka, maana cherehani inasukuma kitambaa cha juu kikatangulia. Pini hazikusaidia. Kushikiza kwa uzi kila sentimita 2 kumepunguza tu.

Tushone kwa mkono, tukianzia katikati ya umbo? Au sufu zote mbili zipigwe mvuke kwanza zinywee? Na vifungo vya kombe la chaza, vishonwe mwisho kabisa visije vikapasuliwa na pasi? Waliochunguza makoti ya Dorothy Grant, mbunifu wa mavazi wa Kihaida na mwanzilishi wa lebo ya Feastwear (1989), kona zake zimeshikwaje?