Naomba ushauri: Milima ya Uluguru wikiendi moja, Lupanga au Morningside?

Kijana wa Tandika
Wakuu habari za jioni. Kilimanjaro mfuko umegoma, nimeona nianze na Uluguru, pale Morogoro. Tupo wawili, mimi na baba mdogo, ana miaka sitini na kitu ila mazoezi anafanya. Tunatoka Dar na treni ya SGR Ijumaa, kurudi Jumapili. Mimi roho yangu ipo kilele cha Lupanga, yeye kaona picha za Morningside, habanduki. Tushike lipi? Na mwezi wa nne panafaa?

Mluguru Asilia
Karibuni nyumbani. Mwezi wa nne usithubutu, masika yanakuwa yamekolea. Lupanga ukishayapita mashamba unaingia msituni, njia inasimama wima, mahali pengine unapanda kwa kushika mizizi. Mvua ikinyesha udongo ule unateleza kama mlenda. Mji upo mita 500 hivi, kilele kinapita 2,100, na zote hizo ni za miguu yako. Subirini Juni.

mama_buti
Mheshimu mzee wako bwana! Jumamosi pandeni Morningside, kwenye ile nyumba ya enzi za Wajerumani. Njia ni pana, mtapishana na akina mama wanashuka na karoti na kabichi kichwani, mwendo wao utakutia aibu. Jumapili alfajiri wewe nenda Lupanga, mzee apumzike mjini. Ila tiketi ya kurudi iwe ya usiku.

Tiva
Msiende kwa kukimbilia kilele tu. Kule kuna ndege aina ya tiva, mgongo kijani, kifua njano, kichwa cheusi, na dunia nzima anapatikana Uluguru peke yake. Anakaa juu kabisa ya miti, bila mwongozaji anayeijua sauti yake mtampita. Msitu ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, kwa hiyo kibali kwanza. Na nyie wa Dar msitupe chupa huko, maji ya Ruvu mnayokunywa yanaanzia milima hiyo.

Mluguru Asilia
Nyongeza: stesheni ya SGR ipo Kihonda, siyo mjini. Tenga nauli.

Kijana wa Tandika
Shukrani wakuu, Juni imepitishwa. Mzee anauliza Morningside chai ipo?

mama_buti
Mwambie abebe chupa yake. Vitumbua nunueni mjini kabla ya kupanda.