Nawafokea wajawazito, halafu najifungia chooni nalia. Nishaurini

Tororo_Kwetu: Habari za jioni wakuu. Mimi ni mkunga, mwaka wa sita kazini, kituo cha afya daraja la tatu huku mashariki mwa Uganda. Tuko wakunga wawili, mwenzangu yuko likizo ya uzazi (ndiyo, mkunga naye huzaa). Siku hizi nikisikia boda inaingia getini moyo unadunda kabla sijajua imembeba nani. Wiki jana nilimfokea binti wa miaka 19 aliyekuwa anasukuma. Mama yake akanitazama tu, asiseme neno. Heri angenitukana. Usingizi hauji. Kuna vitamini au chai gani ya kurudisha nguvu?

BodaMalaba: Tangawizi na asali, nyabo. Na simu uizime mapema.

Mteule77: Hiyo kazi ni wito. Mwenye wito hahesabu saa. Omba.

Fundi Cherehani: Wito haulipi ada, Mteule. Ila si serikali iliwaongezea watu wa afya mshahara 2022? Sisi cherehani nani atatuongezea?

SistaMstaafu: Mwanangu, vitamini haitibu hilo. Huo ni uchovu wa kazi uliopitiliza, Wazungu wanauita "burnout". Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lililitaja kuwa tatizo linalotokana na kazi, si ugonjwa: nguvu zinaisha, kazi unaichukia, na unajiona hufai kitu. Mimi nilikuwa Gulu mwaka 2000 wakati wa Ebola. Dk. Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor tulimpoteza Desemba ile, na kabla yake wauguzi kadhaa. Waliobaki walirudi wodini. Hakuna aliyetuuliza tunalalaje. Mpaka leo nikinusa jiki namwona mwenzangu mmoja akifunga buti. Samahani, nimetoka nje ya mada.

Karani_Mbale: Sheria ya Ajira ya 2006 inasema saa 48 kwa wiki, na likizo inafika siku 21 kwa mwaka. Wewe unapiga saa ngapi? Na usingizi hauji, au huendi kulala? Hizo ni habari mbili.

Tororo_Kwetu: Mbona unahoji kama polisi?

Karani_Mbale: Jibu tu, dada.

Tororo_Kwetu: Sawa. Mchana niko kituoni. Usiku nne kwa wiki napiga lokamu (kibarua cha kushika zamu) kliniki ya mtu binafsi mjini, mwaka wa pili sasa. Nina mkopo wa SACCO, nilinunua kiwanja. Kliniki wananilipa mkononi kila Jumamosi. Na barua ya kuacha kazi nimeshaiandika, iko kwenye pochi.

Fundi Cherehani: Ya kuacha kliniki, bila shaka.

Tororo_Kwetu: Ya serikali. Kliniki ni malaria na vidonda tu, hakuna anayenifia mkononi.

Mteule77: Banange! Unaacha pensheni?

Tororo_Kwetu: Pensheni ni ya wanaofika. Nimeshafikiria, wala sikuuliza kuhusu hilo. Niliuliza vitamini.

SistaMstaafu: Barua iache kwanza pochini. Acha usiku mbili, omba likizo kwa inchaji, kalale siku tano mfululizo. Ukiamka ndiyo uisome.

JichoKali: Subirini. Mwezi wa tatu jina hilihili liliuliza bei ya tairi za pikipiki, likajiita "kijana wa Soroti". Leo mkunga? Tena wakunga wawili, mmoja likizo, mwingine usiku yuko kliniki. Nani anazalisha? Hadithi hii.

BodaMalaba: Hahaha, kumbe kijana! Na tangawizi yangu nimeitoa bure.

Tororo_Kwetu: Akaunti ni ya kaka yangu, simu tunashiriki. Usiku kuna nesi mmoja na askari wa getini. Wakinipigia naenda.

JichoKali: Kutoka kliniki hadi kituoni ni kilomita ngapi?

Karani_Mbale: Dada, upo?

Tororo_Kwetu: Kumi na moja.

SistaMstaafu: Sasa hili si jambo la mtu kulitunga. Mwanangu, yule binti uliyemfokea, siku ile ulikuwa umefika saa ngapi?

Mteule77: Mimi nasema bado ni kijana wa tairi.

SistaMstaafu: Nyamaza wewe. Namba yangu nimekutumia faraghani. Piga leo, hata saa nane ya usiku, mimi mwenyewe silali.

Fundi Cherehani: Hicho kiwanja kina hati? Kama unauza, tuongee.